Mahindi ya Mgeni

Niliwasikia kabla sijawaona. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amefungua kufuli la ghala, akausukuma mlango kwa bega, nasi tukaingia kwenye giza lililonuka magunia na bati lililochomwa na jua. Macho yangu yalikuwa bado yamejaa mwanga wa nje, sikuona hata mikono yangu. Ndipo nikasikia sauti ndogo, kavu, isiyokatika, kama mtu anayetafuna mchanga kwa adabu ili asimwamshe jirani. Ilitoka kushoto, ikatoka kulia, ikatoka chini ya miguu yangu.

"Nini hiyo?" nikauliza.

"Fukusi," akasema mwenyekiti, kwa sauti ya mtu anayemtambulisha shemeji yake. "Wanakula."

"Wanakula mahindi ya kijiji?"

"Wanakijiji hao pia, mwanangu. Na hawakosi kazini hata siku moja, si kama wengine ninaowajua."

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa biolojia, binti wa fundi cherehani wa Masuguru, Korogwe, na nilikuwa nimekuja Handeni kufanya utafiti. Neno hilo, utafiti, nililitamka siku zile polepole, kama mtu anayejaribu viatu vipya chumbani huku mlango umefungwa. Swali lenyewe lilikuwa dogo. Wazigua wa sehemu ile, tangu mababu, huhifadhi mahindi uchagani, yaani juu ya fito zilizotandazwa juu ya mafiga ya jikoni. Mahindi hulala pale na maganda yake, yakipigwa moshi asubuhi na jioni. Vijiji vilipoanzishwa, watu wakahamishwa mabondeni na kupangwa kwa mistari iliyonyooka, likaja na ghala la wote, la matofali na bati. Je, fukusi wanakula wapi zaidi, ghalani au uchagani? Nichukue mahindi huku, nichukue na kule, niyapukuchue, nihesabu punje zilizotobolewa. Kazi ya mtoto. Ndivyo nilivyodhani, na ndivyo alivyodhani mwalimu wangu, aliyekuwa na shahada tatu kutoka nchi tatu za baridi, na hakuna hata moja iliyomwandaa kwa akina mama wa Handeni.

Lakini niseme kweli tangu mapema: fukusi hawakunisumbua roho. Kilichonisumbua roho ni kupigwa chapa. Jioni, chuoni, nilikaa na wenzangu waandishi, watu wenye ndevu changa na riwaya kubwa ambazo zilikuwa hazijaanza. Tulisomeana mashairi, tukakosoana kwa maneno makali, tukalala na njaa tukiamini kwamba njaa ni sehemu ya fasihi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amechapwa popote zaidi ya ubao wa matangazo wa bweni. Kwa hiyo mwalimu aliponiambia kwamba matokeo yakiwa mazuri tutayapeleka kwenye jarida moja la wataalamu huko Ulaya, nilisikia moyo ukipanda ngazi kwa kukimbia. Jina langu, kwa wino wa mtambo, kwenye karatasi nyororo, likivuka bahari kabla ya majina ya wenye ndevu. Kama ni lazima niingie humo nikiwa nimebebwa na mdudu, basi na anibebe.

Nyumbani habari ilifika na kuota mbawa. Baba aliwaambia wateja wote waliokuja kupimwa suruali.

"Mwanangu ataandikwa Ulaya."

Mama, aliyekuwa akichambua mchele wa Kerenge uani, akainua kichwa. "Kwa kosa gani?"

Baba alichukua nyundo, akapigilia msumari ukutani juu ya cherehani, mahali ambapo kila mteja angeutazama huku akipimwa kiuno. Msumari wa kutundikia makala. Ulikaa pale mtupu, ukingʼaa, na kila nilipopita nilihisi unanitazama kama mdai.

Mwalimu alikuja nami mpaka Korogwe kwa gari la chuo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kiko kisichowashwa na sauti ya redio. Alishinda nyumbani kwetu siku ya kwanza, akala kuku, akamsifu mama, na jioni baba akamsindikiza kwa miguu mpaka hoteli ya karibu na stesheni, akimbebea begi lake njia nzima. Kwetu ndivyo ilivyo. Mgeni husindikizwa, kumwacha aondoke peke yake ni kumwambia usirudi. Asubuhi yake mwalimu akatangaza kwamba vumbi la Handeni haliafikiani na kifua chake.

"Nitasimamia kutoka hapa," akasema.

Na kweli alisimamia, kwa chai ya maziwa na magazeti ya juzi, kibarazani kwa hoteli, huku mimi nikipanda lori la magunia.

Ghalani kazi ilikuwa rahisi kama kuchota maji mtoni. "Chukua utakacho," mwenyekiti aliniambia, "ghala ni la wote." Nikaingiza mkono katika gunia lolote, nikatoa chochote. Mahindi yale yalikuwa yamegeuka chekeche. Hakuna aliyeona haya, kwa sababu aibu ya wote haina mwenyewe.

Majumbani ilikuwa kazi ya heshima. Mwenyekiti alitangulia, mimi nyuma na mifuko yangu ya kitambaa. Kila nyumba tulipofika nilisema shikamoo, nikaitikiwa marahaba, nikamwamkia mama mwenye nyumba kwa Kishambaa changu cha Bungu, naye akanijibu kwa Kizigua, tukaelewana nusu na nusu nyingine tukacheka. Nikaeleza shida yangu: nataka mahindi machache kutoka uchagani, yoyote yale. Mama akaingia jikoni. Akakawia. Nikasikia fito zikilia, maganda yakichanwa, vitu vikitupwa pembeni. Kisha akatoka na ungo uliofunikwa kwa kitambaa, akaniwekea magotini kwa mikono miwili, na nilipofunua nikakuta mahindi ya kupiga picha: marefu, yaliyojaa, punje zimebanana kama waumini siku ya Idi.

Nyumba baada ya nyumba. Na kila mama akanisindikiza mpaka njia panda.

Niliporudi Korogwe, mwalimu aliyapukuchua machache pale kibarazani, akatafuta tundu kwa kioo cha kukuzia, asilione, akakiweka kiko mezani.

"Unajua hii ni nini?"

"Mahindi, mwalimu."

"Hii ni dhahabu. Moshi ni kinga kamili. Babu zetu walijua." Akatazama mbali, upande wa milima, kama mtu anayesikiliza makofi.

Siku zile kila mtu mwenye shahada alikuwa akitafuta hekima ya babu zetu, mradi asilale walikolala. Mwalimu aliandika makala yetu kwa usiku mmoja. Juu kabisa aliweka jina lake na shahada zake zote. Chini, baada ya nafasi ya kutosha kupita mkokoteni, likafuata jina langu, lisilo na kitu mbele wala nyuma. Sikulalamika. Nililisoma jina hilo mara nyingi kuliko makala. Nilipofika kwenye sehemu ya mbinu, nikakuta sentensi iliyonifurahisha kwa mlio wake: kwamba mahindi yote yalichukuliwa kwa nasibu, bila kuchaguliwa. Ilikuwa sentensi safi, yenye pumzi nzuri. Hakukuwa na sentensi nyingine iliyokuwa hadithi tupu kama ile.

Watu hunisifu siku hizi, kwa kuwa sasa naandika riwaya, wakidhani nilijifunza kubuni kwa wenzangu wenye ndevu. Hapana. Nilijifunza idara ya sayansi.

Makala ikapigwa taipu na nakala zake za kaboni, ikapanda meli. Ikakaa huko hata nikadhani imezama. Baba akaupaka msumari mafuta usipate kutu. Halafu likaja jibu. Jarida lile lilikuwa na desturi ya kuwapa makala wahakiki wawili wasiotajwa majina. Wa kwanza alitaka tubadilishe nukta na mikato. Wa pili, ambaye kwa maandishi yake nilimwona kabisa akiwa amejifunika blanketi magotini, mzee mmoja mkavu aliyewahi kuwinda fukusi katika mabara matatu, aliuliza jambo moja tu. Iweje mahindi yaliyokaa jikoni miezi yote hiyo yasiwe na tundu hata kidogo? Moshi anaujua, akasema, na haujawahi kumfanyia muujiza. Tafadhali warudie, kisha tutazungumza.

"Wivu," akasema mwalimu. Lakini jarida halingechapa bila mzee yule kuridhika, kwa hiyo nikapanda lori tena, na mwalimu akakaa na kifua chake.

Safari hii mwenyekiti alitaka kunirahisishia. Aliitisha mkutano kabla sijafika, na nilipoingia kijijini nikamkuta anamalizia hotuba.

"Ndugu zangu, mara ile tulimpa mgeni wetu mahindi mazuri, kumbe hayakumsaidia. Wazungu wameyakataa. Yeye anachotafuta ni fukusi. Sasa tusimwangushe."

Hawakuniangusha. Nyumba ya kwanza nilipewa mahindi yaliyokuwa vumbi linaloshikana kwa mazoea. Nyumba ya pili mama mwenye nyumba alinong'ona kwa fahari, "Ya kwangu yametoboka kuliko ya yule pale, utaona." Fukusi walitembea juu ya ungo kama watu wa gulio. Nikafunga mifuko yangu, nikashukuru, nikaendelea, na moyoni nikaanza kusikia ubaridi.

Nyumba ya nne ilikuwa ya mama mmoja mjane, mnene, mwepesi wa ulimi, ambaye kila mtu alimwogopa na kumpenda. Alinitolea ungo wenye ukingo ulioshonwa kwa ukili mwekundu. Ungo ule nilikuwa nimeuona. Na juu yake lilikuwepo hindi moja lenye punje nyekundu tatu upande mmoja, kama pengo lililotiwa shanga, na hindi lile nalo nilikuwa nimeliona, nyumba mbili nyuma, nikaliacha kwa sababu mfuko ulikuwa umejaa. Lilikuwa limenitangulia kwa njia ya mkato.

"Mama," nikasema, "hili si la jirani yako?"

"La jirani."

"Limefikaje hapa?"

"Nimeliazima. Mimi sina mabovu ya kutosha. Ulitaka uondoke kwangu mikono mitupu, nikachekwe?"

Nikakaa chini. "Na mara ya kwanza, mama? Yale mazuri?"

Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyevaa nguo upande wa ndani nje. "Mara ya kwanza ulikuja mgeni, mwanangu. Mgeni anapewa mahindi yaliyotobolewa? Nyinyi Washambaa mnawapa wageni nini, maganda ya ndizi?"

Mwenyekiti, aliyefuatana nami tena, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiona mambo mawili kwa pamoja: kwamba makala yetu ilipima ukarimu wa Wazigua, tena kwa usahihi mkubwa, mara moja ukielekea juu na mara moja ukielekea chini, na kwamba jina langu lilikuwa linaondoka kwenye karatasi nyororo, herufi moja moja, kama wanaoteremka kwenye gari bovu.

"Basi niruhusu nipande uchagani mwenyewe," nikasema. "Nichukue bila kutazama."

Hapo ikawa zamu ya mama kutocheka. "Upande uchagani kwangu? Marehemu mume wangu hakupanda uchagani kwangu. Mgeni haoni juu ya mafiga ya mtu."

"Nifanye nini nisiwe mgeni?"

"Umekuja lini?"

"Jana."

"Basi una haki ya leo. Kula, lala. Kesho tutaonana."

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi. Nilipata kuiandikia insha na kusifiwa. Sikujua kwamba kuna mahali ambapo inatekelezwa alfajiri. Siku ya tatu mama yule alinigonga bega kwa mpini, akaniwekea jembe mkononi, tukaenda kupalilia. Nililima kama mshairi: kwa hisia nyingi na mashina machache. Malengelenge yakatoka, yakapasuka, yakaota juu ya mengine. Akina mama wa mashamba ya jirani walikuja kuniangalia wakati wa kupumzika.

"Huyu ndiye msomi?"

"Ndiye."

"Anasomea nini?"

"Fukusi."

"Ndiyo maana analima kama wao, anatoboa toboa tu."

Mwanzoni walinicheka kwa adabu, wakificha midomo kwa kanga. Baadaye wakanicheka wazi, na nikajua nakaribia. Mama mwenye nyumba aliacha kuniwekea kiti. Kisha akaacha kunipakulia kwanza. Kisha, asubuhi moja, niliporudi kutoka kisimani na ndoo nusu, akanitukana kwa Kizigua, tusi refu lenye babu yangu ndani yake na ndizi zake zote, na nilipokuwa nimesimama pale maji yakinitiririka kifuani, nikasikia amesema, bila hata kugeuka, huku akichochea moto:

"Na usisimame hapo kama nguzo. Panda juu ushushe mahindi ya kusaga."

Nilipanda. Moshi ulinikamata kooni, macho yakalia yenyewe. Kule juu kulikuwa na giza la joto, masizi yananing'inia kama ndevu za wazee, na mahindi yamelala kwa safu katika maganda yake ya rangi ya chai. Nikatulia. Nikasubiri moto wa chini upunguze mlio wake. Na nikasikia: kidogo, mbali, pembeni kabisa ambako moshi unafika umechoka, mtu anatafuna mchanga kwa adabu.

Walikuwepo. Si wengi kama ghalani, si hata nusu. Juu ya moto kabisa, karibu hawapo. Pembeni, wanakula kwa raha zao. Mama akanipeleka kwa wenzake, mmoja mmoja, akiwaambia kwa maneno yake, "Mwacheni apande, huyu si mgeni, ni mzigo wangu." Nikapanda kila uchaga, nikafumba macho na kuchukua kilichogusa mkono. Nilichopata hakikuwa muujiza wala dhahabu. Moshi unasaidia. Hausaidii kila mahali. Ghala la bati ni jiko la kuwapikia fukusi. Ndiyo yote.

Siku ya kuondoka mama yule hakunisindikiza. Alikuwa na kazi. Alinipa gunia dogo la mahindi ya uchagani, hayakuchaguliwa, akasema, "Mpelekee mama yako, mwambie nimemrudishia mtoto ana mikono." Nililia njia nzima ndani ya lori, na dereva akadhani ni vumbi.

Mwalimu alipitia nyumbani Masuguru wiki hiyohiyo. Alikuwa njiani kwenda Lushoto kwenye semina, na mada yake, iliyokwisha kuchapwa kwenye ratiba, ilikuwa moshi kama kinga kamili ya nafaka. Alihitaji tu nimpe hesabu mpya aziweke mfukoni. Baba alikuwa ameazima kiti cha mkono kwa jirani, akavaa shati alilojishonea kwa siku kama hiyo. Mama alikuwa uani na mahindi yangu ya Handeni, anayachambua kwa makande, anatupa yaliyotobolewa.

"Mama, usichambue."

"Anakuja mgeni."

"Ni mtu wa sayansi, mama. Wao hula hivyohivyo yalivyo. Wakichambuliwa wanakasirika."

Akanitazama sana. Lakini alikuwa amesikia mengi ya ajabu kuhusu chuo, na hili halikuwa kubwa kuliko mengine. Akainjika sufuria mbili: moja ya watu, moja ya sayansi.

Sebuleni mwalimu alizisoma hesabu zangu huku kiko kikizunguka mdomoni. Baba alikaa pembeni, mikono magotini.

"Hizi hazifai," akasema mwalimu.

"Zimekosewa?"

"Ni za kawaida. Katikati nafuu, pembeni yanaliwa. Nani asome hayo?"

"Ndivyo yalivyo, mwalimu."

"Ndivyo yalivyo ni maneno ya mkulima. Sisi tuna hoja. Mwandikie yule mzee kwamba tumerudia, tumepata yaleyale ya mwanzo."

"Hatukupata."

"Nani atakwenda Handeni kuangalia?"

Lilikuwa swali la haki. Yeye mwenyewe hakuwa amekwenda.

Mama akaingia na chakula. Nilimpokea sinia mlangoni, nikampakulia mwalimu kwa mkono wangu, bakuli likafurika. Baba akasema karibu. Mwalimu akainua kijiko, akakishusha. Akasogeza kitu pembeni mwa bakuli kwa ncha ya kijiko. Akasogeza kingine. Akainama, akazitazama punje zile zenye vitundu, na kwa mara ya kwanza tangu utafiti uanze nikamwona akichunguza jambo.

"Mahindi haya yametoka wapi?"

"Handeni, mwalimu. Uchagani. Kwenye moshi."

"Yana fukusi."

Nikamgeukia baba. "Mwalimu anasema hayana. Yuko njiani kwenda kusema hayana."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, na aliona bakuli. Uso wake ulianguka. Alikimbia uani, akarudi na sufuria ya pili, mvuke ukimpiga usoni. "Samahani sana, mwalimu, samahani. Hiyo ilikuwa ya sayansi. Ya watu ndiyo hii."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alijifuta midomo ingawa hakuwa amekula. Alikunja karatasi zangu, akaziweka mezani, akazisukuma kwa kidole kimoja mpaka upande wangu.

"Ukipeleka hizo, jina langu halimo. Na bila jina langu wewe ni msichana wa mwaka wa tatu mwenye hadithi ya jikoni. Hakuna jarida litakalokufungulia bahasha. Fikiria."

Nilifikiria. Sitajifanya shujaa. Niliwafikiria wenye ndevu, nikaifikiria karatasi nyororo, na kinywani nilikuwa nimekwisha kuandaa ndiyo, mwalimu. Baba akatangulia.

"Samahani, mwalimu. Mimi ni fundi nguo, kuuliza si ujinga. Jina lako likitoka hapo, karatasi inabaki na la nani?"

"La huyu tu."

"Na yaliyomo ndiyo aliyoyaona?"

"Mzee, hilo si suala."

Baba akatazama ukutani, juu ya cherehani. Alikuwa amewaambia Masuguru yote. Alikuwa amewaambia mpaka watu wa treni. Aliutazama ule msumari uliopakwa mafuta kwa muda ambao ungetosha kupiga pindo.

"Msumari utasubiri," akasema. "Litoe."

Niliituma peke yangu, kwa stempu za baba. Wakaifungua. Wakaikata mpaka ikabaki taarifa fupi kurasa za mwisho, chini ya jedwali la kupe wa ng'ombe. Mhakiki wa kwanza alitaka nifute aya inayosema kwamba mtafiti hakuruhusiwa uchagani mpaka alipopewa jembe, kwa kuwa si ya kisayansi. Yule wa blanketi akajibu kwamba ndiyo aya pekee inayofanya mengine yote yaaminike, iachwe. Ikaachwa. Mwalimu alinipa alama ya kufaulu iliyopita mlangoni kwa ubavu. Nasikia bado anatoa mada ile ya moshi, na watu bado wanapiga makofi. Wenye ndevu walipoona jina langu limepigwa chapa walisema jarida lenyewe si la fasihi. Baba amelitundika bila fremu, kwa uzi wa cherehani, na mteja akiuliza limeandikwa nini, humwambia: limeandikwa kwamba pembeni yanaliwa.

Lakini siku ile hatukuyajua hayo. Siku ile tulijua tu kwamba mambo yamekwisha, na makande ya watu yanapoa. Mwalimu alisimama, akafunga vifungo vya suti, akalichukua begi lake sakafuni. Mama akanitazama mimi, mimi nikamtazama baba. Mwalimu alifika kizingitini akatua hapo, begi limening'inia mkononi, kama mtu anayemngojea mwenyeji avae viatu vyake.

Baba alikuwa miguu mitupu. Akaenda mpaka mlangoni hivyohivyo.

"Kwaheri, mwalimu," akasema. "Njia unaijua."

Akasubiri mguu wa pili ushuke kizingiti, kisha akaufunga mlango.